Kiti cha Tweve

Huku Makete, kwa sheria ya siku hizi, boila hupasha joto watu, si vyumba. Huwajua wenyeji wake, na penye mtu ndipo inapopeleka joto. Yetu ilihesabiwa kuwa mbovu: miezi mitatu baada ya kumzika mume wangu Tweve, ilikuwa bado inakipasha joto kiti chake kila alfajiri, saa aliyozoea kurudi kutoka kukamua ng'ombe.

Fundi Luvanda aliniamkia, akanipa pole, kisha akanionyesha picha za boila mpya.

“Chagua, mama. Hii ndogo inamtosha mtu mmoja.”

“Na hii yangu haitengenezeki?”

“Inatengenezeka. Ila nikiitengeneza, itamsahau mzee.”

“Kumbe ugonjwa wake ndio huo!”

Aliinamisha kichwa.

“Basi weka hiyo ndogo,” nikamwambia. “Bora uing'oe hii ikiwa bado inamkumbuka.”

Kabla hajaizima, nilikwenda kukishika kile kiti. Kilikuwa bado na joto la alfajiri.

Sasa kila alfajiri nakalia kiti cha Tweve mimi, ili joto lije pale. Changu, kilicho mkabala, ndicho kimepoa.