Mvinyo wa Tatu

Enzi hizo wanandoa waliunganishwa ndimi siku ya harusi; alichoonja mmoja, mwenzake alikionja pia, popote alipo. Jumapili moja Elinami alikaa nyumbani kwake Moshi akilinganisha chupa mbili za mvinyo mwekundu wa Australia, wa miaka mingi. Alipokunywa maji kusafisha kinywa, ulimi ukamjaa mvinyo wa tatu, mkongwe na mtamu kuliko ile miwili. Wivu ukamshika. Akampigia mkewe.

“Aikande, uko wapi?”

“Kwa mama. Nakunywa chai.”

“Mbona nasikia mvinyo?”

“Si huo unaokunywa wewe, baba?”

Kabla hajajibu, ladha ile ikarudi taratibu, ya mtu anayekunywa bila haraka. Utamu wake ndio uliomuuma zaidi.