Msikilizaji wa Nyumba Nzima

Masomo ya chuo kikuu yalikuwa bure kwa kila mwenye simu, ila somo la pili halikufunguka mpaka umfundishe mtu mwingine lile la kwanza, na simu isikie kwamba ameelewa. Kwa hiyo Bi Mwanakheri, ambaye hakuwa akisoma chochote, alikuwa mtu wa kugombewa nyumbani kwake. Asubuhi akichambua mchele, mwanawe Shaibu alimweleza habari za madaraja. Mchana mke wa Shaibu, Tatu, alimletea habari za figo.

"Umeelewa, mama?"

"Nimeelewa. Figo huchuja damu."

Simu ya Tatu ikalia kuashiria somo jipya limefunguka, naye akaondoka bila kumaliza chai.

Jioni moja Bi Mwanakheri akasema taratibu, "Na mimi nimeanza. Nasoma mvua."

Shaibu akacheka. "Mama, ukisoma wewe, sisi atatusikiliza nani?"

"Mtasikilizana."

"Tatu? Huyo hungoja nimalize tu aanze yake."

"Basi nisikilize mimi kidogo. Tone la mvua halijiundi hivi hivi, mwanangu. Huanzia kwenye chembe ya vumbi."

"Vizuri, mama. Nimeelewa," alisema Shaibu, macho yakiwa kwenye simu yake.

Simu ya mama ikamuuliza kwa upole ameelewa nini. Shaibu aliinua uso, akamtazama mama yake kama mtu aliyeitwa kwa ghafla.

Bi Mwanakheri akavuta kiti karibu, akaanza upya. Mlangoni Tatu alikuwa amekwisha kusimama, akingoja zamu yake ya kusikilizwa.