Shubiri ya Dirishani

Binti mmoja, fundi cherehani, alipoona shubiri ya mama yake imelegea majani, hakuelewa. Mmea ule haukuwa na makuu. Aliumwagilia maji mara mbili kwa mwezi, akauacha hapo dirishani kando ya kitanda cha mama mgonjwa, basi.

Alikipindua chungu juu ya gazeti akague mizizi. Udongo ulitoka chepechepe, mizizi imeoza, na katikati yake vidonge vyeupe. Vingine vilikuwa vizima, vingine vimelainika kama chokaa. Zilikuwa dawa za moyo, zile alizomwachia mama kila asubuhi pamoja na glasi ya maji kabla ya kukimbilia kazini.

"Tangu lini, mama?"

Mama alikuwa akitazama ukuta. "Siku nyingi. Nimechoka kukuchosha, mwanangu."

Miaka mitatu ya kumgeuza, kumwogesha, kufua mashuka kabla hakujapambazuka. Binti aliinama juu ya udongo, na kitu cha kwanza alichohisi hakikuwa hasira. Ilikuwa nafuu, ya mtu aliyeuona mwisho wa mzigo. Ilipita haraka, lakini aliitambua.

Alinawa. Akarudi na glasi na kidonge kimoja, akaketi kitandani.

"Kesho tutakwenda kwa daktari, ukamwambie mwenyewe kwamba umechoka. Na mimi nitamwambia nimechoka. Lakini leo kunywa, nikikuona."

Mama alifumba midomo.

Binti hakumsihi. Alikaa vilevile, mkono ameunyoosha, kidonge kikilowa jasho kiganjani.