Zamu Mbili, Kompyuta Moja

Andongwisye alipotokeza tu getini, binti wa zamu ya asubuhi aliruka kutoka kitini, akatokea mlango wa nyuma, na chai yake akaiacha ikitoa moshi.

Felista, mke wa Andongwisye, aliyekuwa amemletea mumewe chakula cha mchana, aliyaona yote.

"Kila siku ni hivyo, shemeji," alisema Husseini, mlinzi wa ofisi hiyo ya wanunuzi wa kakao mjini Kyela. "Mzee akiingia, Jubilate keshatoka. Hawajasalimiana hata mara moja."

"Watu wasiosalimiana hadharani, Husseini, wameshasalimiana faraghani."

Kazi yao aliijua. Lugha ya kompyuta iitwayo C, ambayo kwayo mfumo wa ofisi uliandikwa, ilikuwa imewekewa kiwango kipya mwaka uliopita, 1999. Kwa hiyo maktaba sanifu, yaani zile programu ndogo ndogo ambazo mfumo mzima huzitegemea, ilibidi irekebishwe yote kabla ya msimu wa kakao. Kompyuta ilikuwa moja: Jubilate asubuhi, Andongwisye mchana.

Jioni ile mumewe alirudi na karatasi zilizochapwa na kompyuta. Felista alizisoma. Katikati ya alama zisizoeleweka yalikuwamo maneno ya Kiswahili, yale ambayo kompyuta huyaruka.

"Programu kumi na mbili zimekubaliana na kiwango kipya. Ya tarehe imenishinda, naiacha mikononi mwako. Pole na jua."

Chini yake, mumewe alikuwa ameshukuru kwa Kinyakyusa: "Ndaga fijo. Una akili nyepesi kuliko yangu."

Katika miaka ishirini na sita ya ndoa, Andongwisye hakuwahi kumwandikia mkewe hata mstari mmoja. Felista alizikunja karatasi zile, wivu umemjaa. Mwana wao wa pekee, Lameck, alikuwa Mbeya. Aibu hii angemweleza nani?

Jumapili aliona kubwa zaidi. Walipokuwa wakitoka kanisani Ipyana, Jubilate alitokea mbele yao. Alipomwona Andongwisye aliinamisha uso, akajitosa jarubani katika mpunga, na viatu vyake vya kanisani, maji yakimfika magotini.

"Ana nini yule?" aliuliza Andongwisye.

"Unaniuliza mimi?"

Jumatatu, saa sita ikikaribia, Felista aliingia ofisini, akaufunga mlango wa nyuma na kuuegemea.

"Leo humkimbii. Utainua macho umtazame mume wangu, mbele yangu, ndipo nijue anayenivunjia nyumba ni nani."

Hatua za Andongwisye zilisikika barazani. Jubilate alipiga magoti.

"Nipishe, mama, nakusihi. Lameck aliniomba ninyamaze mpaka Pasaka, atakapokuja kunitambulisha kwenu. Lakini hata sasa, mila yetu ikimkataza mkwe hata kukutana na baba wa mume, mimi nitamtazamaje baba mkwe?"

Felista aliifungua khanga kiunoni mwake, akamfunika binti kuanzia kichwani, kisha akaufungua mlango wa nyuma na kumsukuma nje upesi, kabla mumewe hajaingia.