Hili la Nani?

Walikuwa wametoka eda juzi, na nyumba ya marehemu mume wao ilikwisha kuuzwa. Kilichobaki kugawana ni maua ya chini ya dirisha. Bi Nunu, mke mkubwa, alipanda mekundu upande wa kulia mwaka alioolewa. Arafa, mke mdogo, alipokuja akapanda ya manjano kushoto, na kwa miaka kila mmoja alipalilia upande wake bila kumsemesha mwenzake.

"Kila mtu ang'oe yake," alisema Bi Nunu.

Lakini jembe lilipoinua bonge la kwanza, mizizi ya pande zote mbili ilikuja pamoja, imesukana kama mkeka. Kiangazi hakikuwa kimebakisha ua hata moja, na majani yalifanana.

"Yangu yapi sasa, bi mkubwa?"

Bi Nunu akaikata mizizi kwa panga, akaitupa ile ya katikati iliyooza, akapanga mafungu chini.

"Geuka."

Arafa akampa mgongo, kama wafanyavyo watu wakigawana nyama, asione fungu linaloonyeshwa.

"Hili la nani?"

"Lako."

"Hili la nani?"

"Langu."

"Na hili?"

"Lako, bi mkubwa."

Mafungu yakaisha. Gari lililokuja kumchukua Arafa likapiga honi barabarani. Arafa hakugeuka. Bi Nunu akalitazama shimo tupu chini ya dirisha, akalinyooshea kidole.

"Na hili?" akauliza. "Hili la nani?"