Ndoo Tupu ya Bi Mwanakheri

Kiwanda kilimpa Bi Mwanakheri, mtunzi wa maneno ya kanga, chumba chenye kiyoyozi na meza ya kioo. Siku tatu hakupata hata neno, na jioni ya siku ya nne walitaka misemo sita. Asubuhi ya siku hiyo akachukua ndoo na daftari, akaenda kupanga foleni bombani.

Mbele yake wanawake wawili walikuwa wakirushiana vijembe.

"Waichungulia ndoo yangu, na yako yavuja!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Bi Mwanakheri akaandika haraka. Zamu yake ilipofika, alikuwa na misemo mitano.

"Bi Mwanakheri, kinga maji!"

"Tangulieni, wanangu," akasema huku akicheka, akaibeba ndoo yake tupu hadi mwisho wa foleni.