Barua ya Mstari Mmoja

"Chukua damu tena," alisema Fundi, na alikuwa amekwisha kukunja mkono wa shati hadi begani kabla hajaketi. "Safari hii shangazi yangu atatazama mwanzo mpaka mwisho."

Mwanamke wa maabara, ambaye wagonjwa wote wa kliniki ya figo walimwita Mama Sindano, alimtupia jicho shangazi aliyesimama mlangoni, mkoba kaukumbatia kifuani. Hii ilikuwa mara ya tatu kwa huyu fundi cherehani kuja bila karatasi ya daktari.

"Nikikuchoma bila karatasi, kibarua changu kitaota nyasi."

"Basi niambie nani alibadilisha chupa zangu."

"Hazikubadilishwa, baba. Jina lako niliandika mwenyewe, kabla hata hujaitoa pamba mkononi."

Fundi hakumwamini. Miezi saba iliyopita alitoa damu ya kujaza chupa sita, za vifuniko vyekundu, vya zambarau na vya kijani. Aliambiwa akusanye mkojo wake wa saa ishirini na nne, naye akazunguka na galoni lake mpaka kwenye cherehani, wateja wakimtania, bila kuona haya. Yote hayo ili dada yake apate figo. Kisha ikaja barua yenye mstari mmoja tu: Hafai kutoa. Sababu haikuandikwa.

Kwenye mabenchi ya kliniki ile, kila mtu alijua kuisoma barua ya namna hiyo. Ndugu akiingiwa na woga humnong'oneza daktari, na daktari, ili asimuumbue mbele ya jamaa zake, humwandikia kwamba hafai, basi. Siri hiyo ilikuwa ya wazi hata kwa wafagiaji.

Kwa hiyo familia ilipoiona barua, haikuuliza. Wajomba waliacha kupokea simu zake. Shangazi, ambaye ulimi wake haukuwahi kulala njaa, alitunga neno lililozunguka nyumba zote: "Aliombwa figo, akatoa kitambaa."

Kitambaa chenyewe kilikuwepo. Katika mkono wa kushoto wa dada, madaktari walikuwa wameunganisha mishipa miwili ili mashine ya kusafisha damu ipate pa kuivutia. Mkono huo haupimwi presha, haubebi mkoba, haulaliwi. Ukibanwa vibaya, mshipa unaziba. Fundi alimshonea dada yake mkono wa nguo ya pamba laini wa kuufunika, usio na mpira, wenye herufi nyekundu: USIGUSE HAPA. Wauguzi walicheka, halafu wakamwomba awashonee na wagonjwa wengine.

Alijihisi amesalitiwa, na hakujua amkamate nani shati. Aliwachukia watu wa maabara, akaichukia barua, akawachukia wajomba. Lakini aliyemuuma zaidi alikuwa dada. Ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, Fundi akiwa na miaka sita. Sasa hakumtukana wala hakumtetea. Siku Shangazi aliposema mbele ya watu kwamba mtoto uliyemlea ndiye wa kukuokoa, dada alijibu kwa mkato, "Nilimlea, sikumfuga." Fundi alilipokea neno hilo kama kofi. Alijua amekwisha kufutwa.

Na muda ulikuwa unakwisha. Wiki hii mshipa wa mkono wa kushoto ulianza kuziba. Wa kulia ulikwisha kuharibika mwaka juzi, na daktari wa upasuaji alisema hapakubaki pengine pa kuunganisha.

Mama Sindano alishusha pumzi. "Daktari mpya yuko chumba cha mashine. Akikupa karatasi, nakutoa damu sasa hivi, na shangazi yako nitampa kiti."

Shangazi alitangulia. "Twende. Mimi nimekuja kuona kwa macho yangu, maneno nimeyachoka."

Chumba cha mashine kilikuwa na vitanda vinane. Dada alilala kwenye kitanda cha dirishani, mirija miwili ikitoka mkononi mwake, mmoja ukipeleka damu kwenye mashine na mwingine ukiirudisha. Alikuwa amekonda mpaka pete ameihamishia kwenye kidole gumba. Daktari, kijana ambaye hakuwa amemaliza mwezi hapo, alikuwa akisoma namba kwenye kioo cha mashine.

"Daktari," alisema Fundi, "mimi ni mdogo wake. Naomba nipimwe upya. Nikikutwa nafaa, nipasueni hata kesho."

Dada alifumbua macho. "Mdogo wangu, rudi nyumbani."

"Sirudi. Wananiita mwoga, dada, na wewe unasikia, unanyamaza."

"Nimesema rudi."

"Leo nitapimwa mbele ya Shangazi, ili mjue."

Sauti yake ilipasuka. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuza shingo, na muuguzi aliyekuwa akibandika plasta akasita. Daktari alichukua faili lililoning'inia miguuni pa kitanda, akaanza kutafuta majibu ya zamani ya vipimo vya Fundi.

"Hilo faili ni langu, daktari," dada alisema. "Lifunge, tafadhali."

Lakini daktari alikuwa ameshauona ukurasa, na kidole chake kilikuwa kikishuka nao mstari kwa mstari.

"Upimwe nini tena, ndugu yangu?" aliuliza. "Wewe ulifaa tangu siku ya kwanza."

Kisha akafunua karatasi iliyofuata, akamgeukia mgonjwa kwa mshangao. "Sahihi ya kuikataa figo ni yako, mama, na hapa chini umeomba yeye aandikiwe kwamba hafai."